Msaada: Mashine ya kuosha mazulia inapoa msimu wa baridi, nivishe blanketi kibadilisha joto?

MtangaBarafuni
Wakuu salaam, habari za majukumu.

Mimi ni mtoto wa Tanga, huu mwaka wa saba nahangaika na maisha Minneapolis, Marekani. Mkate wangu unatokana na kuosha mazulia. Nina mashine ya kufungwa ndani ya veni, niliinunua mkononi mwa mtu, imeshakula saa nyingi za kazi lakini bado inavuta.

Kwa wasioijua mashine hii: ni injini ya petroli iliyofungwa nyuma ya gari. Inazungusha bloa, ambayo ndiyo inayonyonya maji machafu kwenye zulia, na pampu inayosukuma maji safi. Haina boila wala hita ya umeme. Joto lote ni la kuokota. Maji safi yanaanzia kwenye kisahani kidogo kinachopashwa na maji ya rejeta, halafu yanaingia kwenye sanduku la chuma lenye koili ndani. Moshi wa ekzosi na hewa ya moto ya bloa vinapitia humo kabla ya kutoka nje. Hicho ndicho kibadilisha joto, ila sisi tunakiita sanduku tu.

Shida yangu: Julai geji ilikuwa inasoma nyuzi 210 za Farenhaiti. Sasa hivi Januari haipiti 175. Ukiweka mkono karibu na sanduku unaungua, yaani joto linapotelea ndani ya gari badala ya kwenda kwenye maji. Kuna jamaa kaniambia nilivishe blanketi la nyuzi za kauri, nitarudi kwenye 210 yangu.

Ni kweli? Na nitumie kitu gani? Natanguliza shukrani.

Kipanga_wa_Mbagala
Mkuu huku kwetu zulia linapelekwa kwenye kuosha magari, linapigwa maji ya presha na sabuni ya unga, linaanikwa ukutani, jioni limekauka. Nyie mnapika mazulia?

MtangaBarafuni
Hahaha Kipanga, huku zulia limegundishwa sakafuni nyumba nzima, halitoki. Na nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri, ukianika linakuwa bati.

BabaJunior_Columbus
Vaa blanketi kila kitu kaka, usiulize mara mbili. Mimi nilivisha sanduku, bomba la ekzosi, bloa, hadi sailensa. Ndani ya gari kukawa baridi kama friji na maji yakapanda siku ileile. Wanaokwambia usivishe wanauza mashine mpya.

Mzee_wa_Stimu
Vijana, nimekaa kwenye maboila ya kiwanda cha sukari zaidi ya miaka 20 kabla sijarudi Morogoro kulima. Mashine ya mazulia sijawahi kuigusa ila joto ni lilelile. Kabla hujanunua blanketi, bwana Tanga, nijibu haya:

Maji yanaingia kwenye mashine yakiwa na nyuzi ngapi, Julai na sasa? Yanatoka lita ngapi kwa dakika? Hiyo 175 umeisoma wapi, kwenye mashine au kule mwisho yanapogusa zulia? Mpira wa maji una urefu gani na unalala juu ya nini? Mara ya mwisho kufungua koili ni lini?

Na tafadhali tuongee Selsiasi, mimi mtu mzima.

Wewe Baba Junior, umesema umevisha na bloa?

BabaJunior_Columbus
Ndio mzee. Kwani?

Mzee_wa_Stimu
Inaendeleaje hiyo bloa?

BabaJunior_Columbus
...Nilibadilisha sili na beringi baada ya miezi minne. Fundi alisema mafuta yaliungua. Sikuwa nimeunganisha mambo hayo mawili mpaka hivi unavyouliza.

Mzee_wa_Stimu
Basi yaunganishe. Bloa inakandamiza hewa, na hewa ikikandamizwa inapata moto. Ganda lake la chuma ndilo linalopumua ule moto ili mafuta ya gia yasikauke na meno yasitanuke yakagusana. Ukilivika sweta umelikaba. Injini nayo hivyohivyo. Vinavyovishwa ni vile ambavyo kazi yake ni kubeba joto kulipeleka mahali. Kinachojipoza kwa hewa kiachwe uchi.

MtangaBarafuni
Shikamoo mzee. Leo nimeshinda na ndoo, saa na kipimajoto cha jikoni, mke wangu ananicheka. Majibu haya hapa, yote Selsiasi:

Maji ya bomba sasa yanaingia yakiwa na nyuzi 4. Minneapolis tunakunywa maji ya mto Mississippi, na mto wenyewe una barafu juu. Julai sikupima siku zote, ila kwenye daftari la kazi niliandika 24.

Kiasi: kwa wastani lita 4 kwa dakika, nikihesabu na zile sekunde ninazoachia kibonyezo nikivuta maji bila kupiga.

Kutoka kwenye mashine: 79. Ile ya Julai ilikuwa 99.

Mwisho wa mpira, kwenye wandi (fimbo ya chuma tunayoisukuma na kuivuta juu ya zulia): 65! Hii nilikuwa sijawahi kuipima. Mpira mita 45, unapita juu ya theluji mpaka mlangoni.

Koili sijafungua tangu ninunue mashine. Miaka mitatu.

Mzee_wa_Stimu
Marahaba. Sasa tunaongea.

Angalia namba zako mwenyewe. Julai maji yaliingia na 24 yakatoka na 99. Mashine imeyaongezea 75. Januari yameingia na 4 yametoka na 79. Imeyaongezea ngapi? 75. Mashine yako haijapoa hata nyuzi moja, mwanangu. Kilichopoa ni mto Mississippi.

Ngoja niweke hesabu, wasiopenda waruke. Kilo moja ya maji inahitaji kilojuli 4.2 kupanda nyuzi moja. Lita 4 kwa dakika ni sawa na kusema kila nyuzi moja unailipia kilowati 0.28. Nyuzi 75 ni karibu kilowati 21. Hiyo ndiyo nguvu ya joto unayookota sasa, na si kidogo: ni kama pasi 20 za umeme zinawaka kwa pamoja, bure, kutoka kwenye takataka za injini. Kwenye injini ya petroli karibu theluthi ya nguvu ya mafuta hutoka na moshi, na theluthi nyingine huenda kwenye rejeta. Waliobuni mashine yako walikuwa wachumi.

Sasa njoo kwenye mpira. Nyuzi 14 zinapotea njiani. Mara 0.28, ni karibu kilowati 4 unaipashia theluji ya jirani. Wewe ulikuwa unahangaika na sanduku.

MtangaBarafuni
Mzee nimekaa chini. Ina maana blanketi la sanduku halina maana?

Mzee_wa_Stimu
Lina maana, ila tulipe cheo chake. Sanduku lako lina ukubwa gani na ngozi yake ina nyuzi ngapi?

MtangaBarafuni
Jumla ya pande zote kama nusu mita ya mraba. Nimeazima kile kipimajoto cha kulenga kama bastola: ngozi ya sanduku inasoma karibu 200. Bomba linalotoka kwenye injini kwenda kwenye sanduku, fupi tu, kama sentimita 60, nene kama sentimita 5, linasoma 450.

Mzee_wa_Stimu
Nimekaa na kalamu usiku huu, umeme haujakatika, tuseme ni bahati.

Sanduku lenye ngozi ya nyuzi 200 ndani ya gari la baridi linatupa kama kilowati tatu na nusu kwa kila mita ya mraba, nusu kwa kupasha hewa inayoligusa, nusu kwa kumulika kama jua. Nusu mita ya mraba: kilowati 1.7 hivi.

Bomba lile fupi eneo lake halifiki hata sehemu ya tano ya sanduku. Lakini lina nyuzi 450, na kumulika hakupandi taratibu: joto halisi likizidishwa mara mbili, mmuliko unazidi mara 16. Kwa hiyo kipande hicho cha urefu wa mkono kinatupa kama kilowati 1.5. Karibu sawasawa na sanduku zima! Hapo ndipo ungeanzia kuvisha, siyo kwenye sanduku.

Lakini usifurahi mapema. Ukiokoa kilowati 3 kwa kuvisha vyote viwili, siyo kwamba zote zinaingia kwenye maji. Moshi utafika kwenye koili ukiwa na moto zaidi, koili itachukua sehemu, na sehemu itatoka na sailensa. Mimi ningehesabu nusu. Kilowati moja na nusu ni nyuzi 5 hivi kwenye maji yako. Ahadi ya kurudi kwenye 99 Januari, aliyekupa amekuuzia ndoto.

Kile kisahani cha maji ya rejeta kiache. Ni kidogo na hakipiti nyuzi 90, huwezi kuokoa hata wati 100. Ila angalia thamostati ya injini, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Ikiganda wazi wakati wa baridi injini inakimbia ikiwa baridi, na kisahani kinakosa cha kugawa.

DadaWaMazulia_Nai
Habari zenu wadau, nimefuata uzi huu kimya kimya tangu mwanzo. Mimi niko Nairobi, nafanya sofa na carpet za ofisi. Mashine yangu ni ile ndogo ya kubeba, tanki la lita 50, ina hita ndani lakini maji yakifika kwa sofa ni vuguvugu. Nilikuwa nafikiri hita imeharibika. Mzee nisaidie na mimi kabla hujalala.

Mzee_wa_Stimu
Binti yangu, soketi ya ukutani kwenu ni ampea 13 kwa volti 240. Zidisha: wati 3,120, na hapo mota na pampu bado hazijala. Hata hita ingekula zote, kwa lita 4 kwa dakika itaongeza nyuzi 11 tu. Hita yako ni nzima. Inachoweza ni kutunza joto, siyo kuleta. Jaza tanki maji yaliyokwisha kuchemka nyumbani au kwa mteja, halafu livike tanki. Umewahi kuona lile kapu la kuivishia maharage, lenye mito ya nguo ndani? Unachemsha kidogo, unaondoa jikoni, unafunika, jioni yameiva. Tanki lako linataka kapu hilo.

DadaWaMazulia_Nai
Shosho (bibi yangu) alikuwa nalo moja, alilijaza mabaki ya nguo za fundi cherehani! Asante sana mzee. Nitajaribu nilete majibu.

Kipanga_wa_Mbagala
Swali la mtu asiyejua: hilo joto lina faida gani hasa? Si sabuni ndiyo inayotoa uchafu?

MtangaBarafuni
Swali zuri Kipanga. Sabuni inatoa, ila joto linaiharakisha. Kanuni ya wapishi wa kemikali ni kwamba kila nyuzi 10 kasi inakaribia kuzidi mara mbili. Mafuta ya jikoni yaliyokanyagwa kwenye zulia kwa mwaka mzima hayaogopi maji ya nyuzi 50, kwa 80 yanasalimu amri. Na zulia likioshwa na maji ya moto linakauka upesi, mteja hapigi simu kulalamika kuhusu harufu. Ila siyo kila mahali. Zulia la sufu napunguza. Doa la damu sigusi na maji ya moto kabisa, linapikwa kama yai na halitoki tena. Hilo nililijifunza kwa kulipa.

Sasa mzee, niambie nivishe na nini. Dukani kuna mambo mengi.

Mzee_wa_Stimu
Pamba ya kioo ya kawaida ya kwenye dari usiweke kwenye bomba la 450, gundi yake inaungua na kutoa moshi mapema sana, kwenye nyuzi 200 na kitu tu. Pamba ya mwamba inavumilia zaidi, inafaa kwa sanduku. Blanketi la kauri linavumilia hata 1,260, ila vumbi lake ni baya kwa mapafu. Kata ukiwa nje, barakoa, mikono mirefu, na ukishalifunga lifunikwe kwa karatasi ya alumini au bati jembamba ili nyuzi zisipeperuke na mitetemo. Kwa sanduku, unene wa sentimita 2.5 unatosha, ule wa kwanza ndio unaookoa karibu yote, ukiongeza wa pili unapata makombo.

Na kama kuna mtu atakupa kamba nyeupe ya zamani aliyoitoa kwenye boila, usiipokee. Huenda ni asibestosi. Nina wenzangu niliofanya nao kazi ambao kikohozi kiliwafuata hadi kustaafu.

BabaJunior_Columbus
Mzee na mimi niongeze kwa sababu nimeshajiaibisha tayari. Ule utepe nilioufunga kwenye bomba la ekzosi ulikunywa mafuta yaliyomwagika nilipokuwa nabadilisha oili. Siku moja nikiwa kwa mteja nikaona moshi unatoka nyuma ya gari. Sikupoteza gari ila nilipoteza mteja. Halafu nilipoufungua, bomba lilikuwa limeliwa na kutu hadi linabonyea kwa kidole. Utepe ulikuwa unashika unyevu kila nikizima injini.

Mzee_wa_Stimu
Umesema jambo kubwa kuliko hesabu zangu. Kama bomba ni chuma cha kawaida, ukilivika linakuwa na moto zaidi na linashika unyevu, litakufa mapema. Chuma cha pua kinavumilia. Na hatari mbaya zaidi ni ile usiyoiona: bomba likipasuka chini ya blanketi hutaona ufa wala masizi. Moshi una monoksidi ya kaboni, haina harufu, ni ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumba kimefungwa. Nawe unakaa kwenye gari hilohilo unakula chapati zako. Kwa hiyo blanketi liwe la kufunguka, la mikanda au waya, ulifungue kila mwezi uangalie. Na ununue kile kifaa kidogo cha kupiga kelele gesi hiyo ikitokea.

Usifunike valvu ya usalama, usifunike waya wa kipimajoto cha kuzimia mashine, usizibe tundu la kutolea maji.

MtangaBarafuni
Na kuganda je? Usiku naweka veni nje. Nikivisha sanduku si halitaganda?

Mzee_wa_Stimu
Blanketi halina moto wake. Linachelewesha tu. Kwa nyuzi 15 chini ya sifuri, ambacho kingeganda saa nane za usiku kitaganda saa kumi, na koili itapasuka vilevile. Endelea na dawa yako ya kuzuia kuganda, au lipeleke gari gereji.

MtangaBarafuni
Naleta mrejesho, wiki tano baadaye. Samahani kwa kimya, ni msimu wa chumvi, kila mteja ana madoa meupe ya chumvi ya barabarani mlangoni.

Nilianza na mpira kama mzee alivyoelekeza. Nimeuvisha mfuko wa povu pamoja na mpira mkubwa unaorudisha maji machafu, vikae kifua kwa kifua, ule wa kurudisha una uvuguvugu wake. Haugusi tena theluji moja kwa moja. Upotevu wa njiani umeshuka kutoka nyuzi 14 hadi 8. Gharama yake ni ndogo kuliko chakula cha jioni cha watu wawili hapa mjini.

Pili, koili. Nilipofungua nilitamani kulia. Nje ya mabomba kuna masizi kama sufuria ya kuni, ndani kuna magamba ya chokaa. Maji ya Minneapolis mjini yanapunguzwa chokaa, lakini nusu ya wateja wangu wako vitongoji vya nje wanaotumia maji ya visima, magumu balaa, na mashine inakunywa maji ya mteja. Nilizungusha asidi ya ndimu ndani ya koili kwa saa mbili, maji yalitoka rangi ya chai ya maziwa. Masizi nikayasugua kwa brashi. Kutoka kwenye mashine: 79 ikawa 84.

Thamostati ilikuwa nzima.

Tatu ndiyo blanketi. Bomba langu ni chuma cha pua, nilijaribu na sumaku kwanza ikateleza. Bomba kauri, sanduku pamba ya mwamba na bati juu, mikanda ya kufungua. 84 ikawa 89. Mzee alisema nyuzi 5, zimekuja 5. Sijui kama ni elimu au ni mganga.

Kwenye wandi: kutoka 65 hadi 81.

Ila kuna jambo sikulitarajia. Mteja akinisimamisha kuongea nami nikaachia kibonyezo dakika mbili tatu, maji yanapanda haraka kuliko zamani na ile valvu ya kumwaga inafunguka, inatupa maji ya moto kwenye tanki la uchafu. Sasa ni Februari. Julai itakuwaje?

Mzee_wa_Stimu
Julai vua blanketi la sanduku uliweke stoo. Ndiyo maana nilisema mikanda. La bomba liache.

Na mimi siyo mganga, nilikuwa nimekosea kidogo. Nilikadiria kwa koili chafu, wewe ukaisafisha kwanza. Koili safi ilitakiwa ikupe zaidi ya nyuzi 5. Angalia kama blanketi limekaa vizuri kwenye maungio, hasa pale bomba linapoingia sandukuni. Pakiwa wazi hata kiganja kimoja panavuja joto.

MtangaBarafuni
Mzee!! Nimetoka nje na tochi sasa hivi. Pako wazi. Kiganja kimoja hasa.

Kipanga_wa_Mbagala
Huyu mzee anaona Minneapolis akiwa Morogoro.

DadaWaMazulia_Nai
Na mimi nimerudi. Nilishona mto wa kuzunguka tanki, ndani mabaki ya vitenge na blanketi kuukuu, nje turubai. Wasaidizi wangu wanaliita Shosho. Zamani nikijaza maji ya nyuzi 70 bila kuwasha hita, baada ya saa moja yalikuwa 63. Jana baada ya saa moja: 67. Mzee, nipe namba yako ya simu nikutumie chai.

Mzee_wa_Stimu
Chai ninayo binti. Nitumie picha ya huyo Shosho.